Mitihani na mdondo huja msimu mmoja: Hesabu ya mwanachuo anayefuga kuku

KUFUGA kuku ukiwa bado mwanafunzi wa chuo si jambo la kushangaza tena katika Manispaa ya Morogoro. Katika mitaa ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hupanga vyumba, si ajabu kukuta kibanda cha mabanzi na wavu nyuma ya nyumba, na ndani yake kuku wa kienyeji wa mpangaji ambaye asubuhi anaonekana na begi la madaftari mgongoni.

Sababu inaeleweka. Fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, ambazo wanafunzi wenyewe huziita 'bumu', huja kwa mafungu, na kati ya fungu moja na jingine tumbo haliendi likizo. Wapo pia wanaopata sehemu tu ya mkopo na wengine hawapati kabisa. Jogoo watatu wakiuzwa sokoni wanaweza kulipa kodi ya chumba au kutoa nakala za vitabu.

Kinachozungumzwa kidogo ni kile kinachotokea pale kuku wanapougua wiki ya mitihani. Hapo ndipo wengi hupoteza mtaji wote kwa siku nne, na baadhi hupoteza na somo.

Mchukulie mwanafunzi wa mwaka wa pili. Jina halihitajiki, kwa kuwa wa aina yake ni wengi. Ana kuku 40. Asubuhi hadi alasiri yuko darasani au maabara. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku anakaa kwenye kibanda cha miamala ya fedha kwa simu, kazi ambayo humlipa kwa wiki. Akitoka hapo anakula, anasoma hadi saa 6 au saa 7, kisha analala.

Kwa kuku anazo dakika 40 za alfajiri. Anafungulia banda, anamwaga maji ya jana, anaweka mapya, anatia pumba na mabaki ya chakula, anaokota mayai na kuondoka mbio.

Ratiba hiyo inaonekana inatosha, na siku kuku wakiwa wazima inatosha kweli. Tatizo lake liko jioni. Kuku mgonjwa huonekana mara mbili kwa siku: asubuhi banda linapofunguliwa, wenzake wanapotoka mbio na yeye akabaki nyuma, na jioni wanaporudi kulala, pale yeye anaposhindwa kuruka juu ya fito. Mwanafunzi wetu jioni hayupo. Yuko kibandani anatoa na kupokea fedha za watu. Kwa hiyo dalili ya kwanza anaiona siku moja baadaye, na kwa baadhi ya magonjwa siku hiyo moja ndiyo tofauti kati ya kuku 3 wagonjwa na kuku 15.

Kalenda mbili zinazogongana

Ukiweka kalenda ya chuo na kalenda ya magonjwa ya kuku juu ya meza moja, utaona jambo ambalo wafugaji wengi vijana hawajawahi kulitazama kwa pamoja.

Muhula wa pili kwa kawaida huanza karibu na mwezi Machi. Huo ndio wakati masika yanapoanza kunyesha Morogoro na kuendelea hadi Mei. Maranda ya sakafuni yanalowa, paa linavuja, mbu wanaongezeka. Banda lenye unyevu ni shamba la vimelea vya koksidia, wanaosababisha vifaranga kuhara damu. Mbu nao hueneza ndui ya kuku. Wakati huohuo wanafunzi wako kwenye majaribio ya katikati ya muhula na kazi za vikundi.

Mvua zikikatika, unaingia mwezi Juni. Ukame na upepo wa kati ya Juni na Oktoba ndio msimu ambao mdondo, unaoitwa pia kideri, hupiga sana vijiji na miji mingi ya Tanzania. Na ndio msimu wa mitihani ya mwisho wa mwaka wa masomo, ikifuatiwa na mafunzo kwa vitendo ambayo humpeleka mwanafunzi mkoa mwingine kabisa kwa wiki kadhaa.

Kwa maneno mengine, ugonjwa mkubwa kuliko yote wa kuku huja pale pale ambapo mwenye kuku hana nafasi hata ya kunywa chai. Watu husema ni mkosi, lakini jambo linalotokea takribani wakati uleule kila mwaka linaweza kuhesabiwa mapema.

Kanuni za vyuo hutambua ugonjwa wa mwanafunzi. Hazitambui ugonjwa wa kuku wake. Anayeacha mtihani wa saa 3 asubuhi kwa sababu banda limejaa mizoga hatapata barua ya daktari ya kumtetea.

Mdondo hauna tiba

Mdondo ulitambuliwa mwaka 1926 huko Newcastle, Uingereza, na kisiwani Java, Indonesia, na jina lake la kitaalamu limebaki la mji huo wa Uingereza. Ni ugonjwa wa virusi. Kuku huzubaa, mabawa hushuka, huharisha mharo wa kijani, hupumua kwa shida, na wengine hupinda shingo. Katika kundi ambalo halijachanjwa unaweza kuua karibu kuku wote.

Hakuna dawa inayoutibu. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu kila msimu fedha nyingi za wanafunzi na wakulima huishia kwenye pakiti za antibayotiki zinazonunuliwa dukani kwa kubahatisha. Antibayotiki hupambana na bakteria, haiui virusi. Shubiri, pilipili na mwarobaini navyo hutumiwa na wengi, lakini havijathibitishwa kuzuia kundi lisife kwa mdondo.

Kinachosaidia ni chanjo, tena iliyotolewa kabla. Tanzania inatengeneza chanjo yake ya mdondo aina ya I-2, inayozalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) na kuuzwa kwa jina la TEMEVAC. Sifa yake ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hivyo hata anayetoka dukani kwa daladala anaweza kuifikisha nyumbani ikiwa bado na nguvu, mradi isipigwe na jua na iwekwe mahali pa baridi.

Hutolewa kwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, wakiwemo vifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku 40 wakishikwa usiku wakiwa bandani, watu wawili humaliza kazi hiyo kwa muda usiofika saa moja. Mmoja anashika, mwingine anadondosha.

Tatizo la mfugaji mdogo ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku alionao, na ikishachanganywa haiwekwi ikasubiri mwezi ujao. Suluhisho lake ni majirani. Wanafunzi watatu na mama mwenye nyumba wakichangia chupa moja, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo mno kuilinganisha na bei ya jogoo. Faida nyingine, ambayo pengine ni kubwa zaidi, ni kwamba kuku wa uani wote wanachanjwa siku moja, badala ya wa mmoja kuchanjwa na wa jirani kubaki mlango wa ugonjwa.

Tarehe zinazomfaa mwanafunzi ni mwanzoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ile ya Juni isivuke wiki ya kwanza. Kinga inahitaji wiki moja hadi mbili kujengeka, na chanjo hupewa kuku wazima tu. Anayekimbilia chanjo baada ya kuku wa jirani kuanza kufa amechelewa, ingawa si vibaya kuuliza ushauri wa bwana mifugo kuhusu wale ambao bado hawajaguswa.

Chanjo ya Gumboro, ugonjwa uliopewa jina la mji mdogo wa jimbo la Delaware, Marekani, ulikogunduliwa mwaka 1962, ina masharti yake. Hutolewa kwa vifaranga kwenye maji ya kunywa, mara nyingi wakiwa na siku 14 na kurudiwa siku ya 28, kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Wengi huiharibu kwa maji ya bomba. Dawa ya klorini inayosafisha maji hayo huua pia chanjo. Yatumike maji ya mvua safi au ya kisima yasiyotiwa dawa, vifaranga wanyimwe maji kwa muda wa saa moja au mbili ili wawe na kiu, na mchanganyiko uishe ndani ya saa 2.

Asubuhi ya kuku watatu

Pamoja na chanjo zote, siku moja mfugaji atafungua banda na kukuta kuku watatu wamejikunyata. Ni Jumanne, mtihani ni saa 3, na sasa ni saa 12 na dakika 10. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuwatenga hao watatu, hata kama ni kwa kuwafunika na tenga upande wa pili wa uwanja. Maji na chakula chao viwe katika vyombo vyao. Jambo hilo huchukua dakika 5, na hakuna jingine lenye faida kubwa kama hilo kwa asubuhi ile.

Kisha atazame kinyesi, kwa sababu kinyesi hueleza mengi hata kwa asiye mtaalamu. Damu kwa vifaranga na kuku wadogo huelekeza kwenye koksidia, ambayo ina dawa, ikiwemo amprolium inayowekwa kwenye maji kwa siku kadhaa. Mharo mweupe wa majimaji kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wanaotetemeka huleta shaka ya Gumboro. Mharo wa kijani na mabawa yaliyoshuka huleta shaka ya mdondo, lakini rangi ya kijani au njano yaweza pia kuwa homa ya matumbo ya kuku. Uso uliovimba, makamasi na harufu mbaya ni dalili za mafua ya kuku. Vipele kwenye upanga na kuzunguka macho ni ndui.

Dalili hizi hufanana, na kubahatisha ni ghali. Ndiyo maana mzoga mmoja ambao bado haujaharibika una thamani kubwa. Uwekwe kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, ukae mahali pa baridi bila kugandishwa, ufikishwe kwa daktari wa mifugo au maabara siku hiyohiyo. Morogoro ina bahati ya kuwa na hospitali ya wanyama ya SUA, na TVLA ina maabara kuu Temeke, Dar es Salaam, pamoja na vituo vya kanda. Mizoga mingine izikwe kwenye shimo refu au ichomwe. Kuitupa jalalani ni kuwapelekea mbwa na jirani.

Mwanafunzi akishawatenga wagonjwa, akanawa mikono kwa sabuni, akabadili viatu na kumpigia simu bwana mifugo, aende akafanye mtihani. Hakuna anachoweza kuwafanyia kuku hao kwa kukaa akiwaangalia hadi saa 6.

Kuhusu kazi ya jioni, busara ni kumwambia mwenye kibanda mapema, kabla ya msimu, kwamba kuna wiki mbili za Julai ambazo atahitaji kubadilishana zamu. Mwajiri anayepewa taarifa mwezi Mei huwa na moyo mwepesi kuliko anayepigiwa simu saa 10 jioni na kuambiwa kuku wanakufa. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kuonekana hawajatulia, na mwisho hupoteza kazi na kuku.

Wachuuzi nao wanahusika

Ugonjwa hauruki tu na upepo. Mara nyingi huletwa na miguu ya watu na matenga.

Mwanafunzi mwenye banda huwa pia na tabia ya kununua. Bumu likiingia, anapita sokoni Ijumaa, anaona mitetea mizuri ya bei nafuu, anabeba minne na jioni anaichanganya na ya kwake. Kuku hao wamekaa kwenye tenga moja na wengine kutoka vijiji vitano tofauti. Anayenunua kuku wapya hana budi kuwaweka peke yao kwa siku 14 na kuwachanja kabla ya kuwachanganya.

Kwa upande wa wachuuzi, bei ya ghafla ya kutupa ni ishara. Mfugaji anayeuza kuku wote kwa nusu ya bei mwezi Julai pengine ameona mmoja amekufa asubuhi. Mchuuzi anayewabeba hao huingiza ugonjwa kwenye tenga lake, na hasara ya kesho yake haitamrudia aliyemuuzia. Matenga yaoshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, yaanikwe juani, na kuku waliobaki sokoni jioni wasirudishwe kulala na wa nyumbani.

Lipo pia suala la mayai na nyama ya kuku walio kwenye dawa. Kila dawa ina idadi ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti ambazo mazao ya mnyama hayatakiwi kuliwa wala kuuzwa. Mwanafunzi asiye na fedha ya chakula hushawishika kuuza trei hilo. Anaowauzia ni majirani na wanafunzi wenzake.

Banda lipimwe kwa saa

Wengi huamua idadi ya kuku kwa kutazama fedha walizonazo. Mwenye masomo na kazi anapaswa kutazama saa alizonazo katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka, yaani wiki ya mitihani. Kama wiki hiyo ana nusu saa tu kwa siku, basi afuge kuku wa nusu saa.

Hii haina maana ya kubaki na idadi moja mwaka mzima. Kuku 40 wa Februari wanaweza kuwa 15 wa Julai. Majogoo na mitetea iliyozeeka iuzwe Mei, wakati bado ni wazima na soko halijajaa kuku wa hofu. Kuku mkubwa anayefungiwa bandani hula takribani gramu 100 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuondoa 25 kunapunguza zaidi ya kilo 75 za chakula kwa mwezi, fedha ambazo mwanafunzi anazihitaji sana kipindi hicho. Wanaobaki ni mitetea bora na jogoo mmoja wa mbegu.

Hali kadhalika kutotoa vifaranga. Yai huatamiwa siku 21, na kifaranga huhitaji joto na uangalizi wa karibu kwa wiki nne za mwanzo. Jumla ni wiki 7. Anayewekea kuku mayai asihesabu siku ya kutotolewa tu, ahesabu wiki zote 7, na kama mwisho wake unaangukia mitihani, mayai hayo yaliwe au yauzwe.

Wanaosomea udaktari wa mifugo, shahada ambayo SUA huchukua miaka mitano, wana mtihani wa ziada. Mtaa mzima huwaita. Mama wa nyumba ya tatu ana mbuzi hali, kijana wa dukani ana mbwa anatapika. Kusaidia kutenga na kushauri ni uungwana, lakini Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma ya kitabibu kwa wanyama awe amesajiliwa au kuorodheshwa. Mwanafunzi anayechoma sindano mtaani kwa malipo anahatarisha taaluma ambayo bado hajaipata.

Mbwa huyo naye asisahaulike, kwa kuwa mabanda mengi hulindwa na mbwa asiyekuwa na kadi yoyote. Achanjwe kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, mitihani au si mitihani.

Linabaki suala la mafunzo kwa vitendo, ambapo mwenye kuku huondoka kwa wiki kadhaa. Kumwachia jirani kwa maneno ya mlangoni ndiko kunakozaa ugomvi Septemba. Njia inayofanya kazi ni mgao: anayetunza anachukua mayai yote ya kipindi hicho na sehemu ya vifaranga, na mwenye kuku ananunua chakula na chanjo. Waandike karatasi moja, wahesabu kuku pamoja siku ya kukabidhiana, na wakubaliane kwamba kuku akifa picha yake itumwe kwa simu siku hiyohiyo. Tarehe ya chanjo ya Septemba na namba ya bwana mifugo ziandikwe kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi na kupigiliwa ndani ya mlango wa banda, mahali ambapo mvua haifiki.